MAJI YA KUNYWA: KIASI GANI KWA SIKU?

(Somo la afya katika masomo ya watu wazima kwa redio, kama lilivyosomwa na Afisa Elimu)

Natumaini kwamba vikundi vyote vimekwisha kukusanyika, kwamba redio imewekwa mahali ambapo hata wazee walio nyuma wanasikia, na kwamba katibu wa kila kikundi anayo kalamu na karatasi. Somo letu la leo ni juu ya maji ya kunywa. Najua wako watakaosema, "Je, hata kunywa maji kunahitaji mwalimu?" Nawaomba mnivumilie. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku nilipoulizwa maswali mawili ambayo sikuweza kuyajibu vizuri papo hapo.

Maswali hayo niliulizwa huko Mgwashi, katika milima ya Usambara, mkoani Tanga. Wasioijua nchi hiyo nitawaeleza kwa maneno machache. Ni nchi ya milima na mabonde, ya migomba, mahindi, maharage, chai na mboga. Asubuhi ukungu hufunika mashamba, na wakati wa kipupwe mtu hatoki nje bila sweta au kanga mbili. Maji yapo, lakini mara nyingi chemchemi iko chini bondeni na nyumba iko juu mgongoni mwa mlima. Basi maji hupandishwa kichwani, ndoo kwa ndoo, na kazi hiyo huwaangukia akina mama na watoto zaidi kuliko sisi wanaume.

Tulikuwa katika darasa la jioni. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akaniuliza, "Mwalimu, tunaambiwa kila mtu anywe bilauri nane za maji kwa siku. Wewe unaiona baridi ya huku. Nani atazinywa bilauri nane? Na hao wajukuu, nani atawapandishia maji hayo yote kutoka bondeni?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Hilo ndilo swali la kwanza.

Swali la pili halikumchekesha mtu. Bibi mmoja, mwanafunzi wa siku nyingi, aliuliza kwa sauti ya chini: "Mtoto akiharisha, nikimpa maji si ndiyo namwongezea ugonjwa?" Halafu akatueleza kwa nini aliuliza. Zamani, alipokuwa mama kijana, mtoto wake wa pili aliharisha siku mbili, na wakubwa wa nyumba walimwambia asimpe maji, ili tumbo likauke. Mtoto alikuwa akikinyoshea mkono kikombe. Siku ya tatu hakukinyoshea mkono tena. Bibi hakusema zaidi, wala hakuna aliyemwuliza.

Ndugu wasikilizaji, leo nataka kuyajibu maswali yote mawili. Mtaona kwamba jibu lake ni moja.

Fikirini mtungi unaovuja. Mwili wa mtu mzima, karibu sehemu 6 katika kila sehemu 10 za uzito wake ni maji. Kwa mtoto mchanga ni zaidi, karibu robo tatu. Na mwili huu huvuja usiku na mchana. Katika siku ya kawaida, isiyo ya joto wala kazi nzito, mtu mzima hutoa kama lita moja na nusu kwa mkojo. Hutoa tena karibu lita moja kwa ngozi na kwa pumzi, ingawa yeye mwenyewe haoni jasho. Ile pumzi mnayoiona ikitoka kinywani kama moshi asubuhi ya baridi, hayo ni maji yanayoondoka. Na kidogo hutoka kwa choo. Sasa, mwenye mtungi unaovuja hujaza kiasi gani? Hujaza kiasi kile kile kilichovuja, wala hana haja ya kumwuliza jirani. Ukivuja kidogo, hujaza kidogo. Ukivuja sana, hujaza sana na mapema. Shikeni neno hilo: kilichotoka kirudishwe.

Na hizo bilauri nane, je, zilitoka wapi? Mwaka 1945, baraza moja la wataalamu wa chakula huko Marekani liliandika kwamba mtu mzima apaswa kupata kama lita mbili na nusu za maji kwa siku. Lakini katika maneno yaliyofuata liliandika pia kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Watu wakaishika sentensi ya kwanza, wakaisahau ya pili. Mwaka 2002, mtaalamu wa figo wa Marekani aitwaye Heinz Valtin alitafuta katika maandishi ya utabibu ushahidi kwamba kila mtu mwenye afya lazima anywe bilauri nane, naye hakuuona.

Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya nchi za Ulaya ilitoa makadirio yake: mwanamume mzima apate kama lita 2.5 kwa siku, na mwanamke lita 2. Lakini angalieni, hesabu hiyo ni ya maji yote, yaliyo katika vinywaji na yaliyo katika chakula, na ni ya mahali pasipo joto kali na kazi isiyo nzito. Ndizi zilizopikwa zina maji. Ugali una maji, kwani ulitiwa nini katika sufuria? Kabichi na nyanya ni maji kwa zaidi ya sehemu 9 katika 10. Uji ni maji. Maziwa ni maji. Na chai pia ni maji: wako wanaosema kwamba chai hukausha mwili, lakini chai ya kawaida, vikombe vichache kwa siku, huhesabiwa pamoja na vinywaji vingine. Pombe usiihesabu, maana hukufanya utoe mkojo mwingi, na asubuhi unaamka na kiu na maumivu ya kichwa.

Basi mzee wetu wa Mgwashi nilimjibu hivi baadaye: "Mzee, siku ya baridi, ukiwa na kazi nyepesi, lita moja na nusu mpaka mbili za vinywaji vyote pamoja, yaani maji, chai, uji na maziwa, zatosha kwa watu wengi. Hizo ni kama vikombe sita mpaka vinane vya robo lita. Huna lazima ya kuvihesabu kama mwenye deni." Mama mwenye mimba aongeze kidogo, kikombe kimoja hivi. Mama anyonyeshaye aongeze kama vikombe vitatu, maana maziwa ya mama karibu yote ni maji, nayo hayatoki hewani. Akina baba mlio katika vikundi, mama anyonyeshaye akiketi kunyonyesha, mleteeni kikombe cha maji. Hiyo si kazi ya aibu.

Lakini mzee asifurahi upesi. Baridi ina hila yake. Mahali penye baridi mtu hasikii kiu sana, na mkojo huongezeka, kwa hiyo mtungi huvuja na kengele yake hailii. Na kwa wazee kengele hiyo ya kiu hudhoofika hata mahali pa joto. Mzee wa miaka 70 anaweza kushinda na kikombe kimoja cha chai tangu asubuhi mpaka magharibi, akasema hana kiu, naye anasema kweli. Jioni akiinuka anaona kizunguzungu, anaanguka, na watu wanasema ni uzee. Pengine si uzee peke yake. Basi kijana wa nyumba asingoje babu aombe maji. Ampelekee kila wakati wa chakula, na katikati pia.

Kisha kuna kazi na jua. Mkulima anayelima katika mteremko wakati ukungu umekwisha kuondoka, au anayechuma chai, au anayepanda na gunia la viazi mgongoni, huvuja jasho. Na wapo wanaoshuka. Watu wa milimani hushuka na kabichi na nyanya kwenda Mombo na Korogwe. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo kama mita 400 tu. Kwa safari ya gari isiyo ndefu mtu huiacha nchi ya sweta akaingia nchi ya jasho. Mwili umeshuka, lakini desturi ya kunywa imebaki mlimani.

Hilo nalijua kwa kosa langu mwenyewe. Mwezi mmoja wa Februari nilishuka tambarare kukagua madarasa. Asubuhi nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja cha chai tu, maana kulikuwa na baridi. Nilitembea kwa miguu kutoka darasa mpaka darasa. Saa nane mchana kichwa kiliniuma, misuli ya miguu ikakaza, na nikamjibu mwalimu mmoja kwa ukali usio na sababu. Mama mmoja muuza chakula akanitazama akasema, "Mwanangu, midomo yako imekauka kama ya mgonjwa. Kaa kivulini, unywe maji, ule na mchuzi huu wenye chumvi." Baada ya saa moja nilikuwa mtu mwingine, nikarudi kumwomba radhi yule mwalimu. Mtu mwenye kilo 60 akipoteza kilo moja na robo tu ya maji, kazi yake hupungua na fikra zake huwa nzito. Mimi nilikuwa nimekwisha kupita hapo.

Anayefanya kazi ngumu juani anaweza kutoa lita nzima ya jasho kwa saa moja, au zaidi. Huyo asingoje kiu. Anywe kikombe kimoja kila baada ya robo saa au dakika 20, kidogo kidogo, wala si kugugumia lita mbili kwa mara moja jioni. Na mkitaka kuona kwa macho yenu kiasi anachovuja mtu, tumieni mizani, kama ile ya kupimia mazao. Mtu apimwe kabla ya kazi na baada ya kazi, akiwa amevaa nguo nyepesi na amejifuta jasho. Kila kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji ambayo hakuirudisha.

Asiye na mizani anayo alama nyingine. Mniwie radhi, hapa nitataja mkojo, lakini tuko shuleni. Mkojo wako ukiwa na rangi hafifu, kama maji yaliyokamuliwa ndimu, mtungi umejaa vya kutosha. Ukiwa umekolea kama chai ya rangi, na ni kidogo, unakunywa kidogo mno. Usiutazame wa kwanza wa asubuhi, maana huo kwa kawaida huwa umekolea. Tazama wa mchana. Na fahamuni kwamba dawa nyingine hubadili rangi, kama vile dawa moja ya kifua kikuu ambayo huufanya mkojo uwe mwekundu kama chungwa lililoiva. Mkojo ukiwa mweusi au wenye damu, au ukikolea ingawa unakunywa vizuri, hilo si jambo la maji tu. Nenda kituo cha afya.

Sasa niseme neno ambalo akina mama waliniambia, wala sikulipata kitabuni. Nilipowauliza kwa nini siku ya gulio hawanywi maji tangu alfajiri, walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Tukinywa, tutakwenda haja wapi?" Kumbe walijinyima maji kwa kuwa sokoni hapakuwa na choo cha kuingia mwanamke kwa heshima. Watoto wa shule pia hufanya hivyo mahali vyoo vilipo vibaya. Kunywa kidogo siku baada ya siku na kuuzuia mkojo husaidia kuleta maradhi ya njia ya mkojo, na kunywa kidogo kwa miaka mingi husaidia kuleta vijiwe katika figo. Basi msiwakaripie akina mama. Swali la maji ya kunywa ni swali la choo pia, na choo cha soko hujengwa kwa kikao cha kijiji, si kwa hotuba ya redio.

Na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao katika milima hii ni wengi, mwezi wa Ramadhani mtungi huvuja mchana kutwa bila kujazwa. Dawa yake ni kugawa maji ya usiku: unywe wakati wa kufuturu, unywe tena baada ya tarawehe, na unywe wakati wa daku, usiuache ukapita kwa usingizi. Uji wa futari unafaa sana. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe kula na kulipa siku nyingine, kwa hiyo asijitese.

Nimesema sana juu ya kiasi. Sasa maji yenyewe. Watu wa milimani hujivunia maji yao, na kweli chemchemi hutoka ikimeta kama kioo. Lakini kumeta si usafi. Vijidudu vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya matumbo havionekani kwa macho, na katika nchi ya miteremko choo cha jirani wa juu kiko juu ya kisima cha jirani wa chini. Mvua za masika zikinyesha, kila kilichoachwa mlimani hushuka bondeni.

Wazee miongoni mwenu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu kama milioni mbili katika Tanzania walikusanyika katika vikundi vya redio kama hivi vyenu, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha visima. Yale waliyojifunza hayajazeeka. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, mapovu makubwa yakipanda juu.

Hapo mtu mmoja wa Mgwashi aliyesoma kidogo aliniambia, "Lakini Mwalimu, juu milimani maji huchemka kabla ya kufika digrii 100." Ni kweli. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa karibu digrii moja, hata katika mji wa Lushoto huchemka kama kwenye digrii 95. Lakini vijidudu vya maradhi hufa kabla ya hapo. Maji yakitokota kwa dakika moja, yatosha. Na mahali palipo juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika tatu. Hakuna haja ya kuyachemsha nusu saa na kumaliza kuni zilizobebwa kwa shida.

Asiye na kuni za kutosha anaweza kutumia dawa ya klorini ya kutia katika maji, akifuata kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Au atumie jua: chupa ya plastiki isiyo na rangi, safi, isiyozidi lita mbili, ijazwe maji yasiyo na tope, ilazwe juu ya bati juani saa sita nzima. Siku za mawingu ilazwe siku mbili; na siku za ukungu na mvua mfululizo njia hii isitegemewe, chemsheni. Kisha maji yaliyokwisha kutengenezwa yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, ili mkono usiguse maji.

Sasa narudi kwa bibi yetu. Mtoto anayeharisha ni mtungi uliopasuka. Mtungi wake ni mdogo, na ufa ni mkubwa. Mtu mzima akipoteza lita moja ataumwa kichwa. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja yuko karibu na kaburi. Kumnyima maji hakuzibi ufa. Kuhara kutaendelea, kwani kunatokana na vijidudu vilivyo tumboni, na maji yatakayotoka ni yale ya damu yake na ya nyama yake. Mara nyingi kinachomwua mtoto ni kukauka, kabla hata ugonjwa wenyewe haujapata nafasi ya kumwua.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walijaa mpakani mwa India, na kipindupindu kikawaingia. Dawa za kutia maji katika mishipa zikaisha. Daktari mmoja wa India, Dilip Mahalanabis, katika mji wa Bangaon, akachanganya sukari, chumvi na maji, akawapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Mahali walipokuwa wakifa watu kama 30 katika kila 100, waliotibiwa hivyo walikufa chini ya 4. Sababu yake ni hii: tumbo linaloharisha hushindwa kuyashika maji matupu vizuri, lakini sukari kidogo huivuta chumvi ipite katika utumbo, na chumvi huyavuta maji nyuma yake.

Basi, makatibu, andikeni. Kwanza, mtoto akianza kuharisha, tafuteni dawa ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, ile ya pakiti zilizoandikwa ORS. Changanyeni pakiti katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pili, ikiwa pakiti haipo, chukueni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi iliyosawazishwa pia. Narudia: sukari sita, chumvi nusu. Msizidishe chumvi, maana chumvi nyingi ina hatari. Tatu, kila baada ya kuharisha, mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu ya kikombe cha chai; wa miaka miwili mpaka 10 apewe nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee kwa kijiko, polepole. Nne, aendelee kunyonya na kula. Tano, ombeni vidonge vya zinki katika kituo cha afya, naye apewe siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha.

Na mpelekeni kituo cha afya bila kungoja ukiona hawezi kunywa, au anatapika kila kitu, au macho yamedidimia, au amelegea na hataki kuamka, au ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, au kuna damu katika choo. Njiani endeleeni kumnywesha akiweza. Mtoto mchanga mwenye kuhara apelekwe mapema, huku akizidi kunyonyeshwa.

Kwa mtoto mzima wa afya aliye chini ya miezi sita, msimpe maji kabisa, hata siku ya joto. Maziwa ya mama yana maji yote anayoyahitaji, nayo hayana vijidudu.

Neno la mwisho ni onyo kwa wenye bidii nyingi. Mtungi hujazwa, haufurikishwi. Jasho huondoka na chumvi. Mtu akirudisha maji matupu kupita kiasi, chumvi ya damu huzimuliwa, ubongo huvimba, naye huweza kufa. Katika mbio ndefu za Boston huko Marekani mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na 13 katika kila 100 walikuwa na chumvi iliyopungua, hasa waliokunywa mno njiani. Basi anayetoa jasho jingi ale chakula chenye chumvi ya kawaida. Na mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyepewa kipimo na daktari, afuate kipimo cha daktari, si changu.

Ndugu wasikilizaji, nilipomaliza somo hili huko Mgwashi, yule mzee alisema, "Kumbe si bilauri nane, ni mtungi wangu mwenyewe." Yule bibi hakusema neno. Lakini juma lililofuata alikuja darasani na wakwe zake wawili, akawaketisha mstari wa mbele, akaniambia, "Mwalimu, rudia ile ya sukari sita, chumvi nusu." Nikarudia. Akawafanya nao wairudie mara tatu, mpaka aliporidhika.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi ni haya:

1. Katika nyumba zetu, nani anakunywa kidogo kuliko wote, na kwa sababu gani?
2. Je, soko letu na shule yetu vina choo cha heshima kwa wanawake na wasichana? Kama havina, kikao gani kitalishughulikia jambo hilo, na lini?
3. Maji ya kunywa ya kijiji chetu hutoka wapi, na juu yake kuna nini?
4. Kila mwanakikundi aeleze bila kusoma jinsi ya kuchanganya maji ya sukari na chumvi.

Kikundi ambacho mtu hata mmoja ameshindwa swali la nne, kirudie kabla ya kuondoka. Majibu yenu ya swali la pili andikeni mtuletee.